Tochi yangu imeoga na bado inawaka

Nani alisema mimi sijui kuchagua tochi? Asome hapa.

Mvua iliua tochi yangu ya zamani, na mimi ni askari wa geti Kabalagala, hapa Kampala. Bila tochi, kazi hakuna.

Leo nimeenda soko la Kamwokya kutafuta nyingine isiyoogopa maji. Nikachukua moja ya bei nafuu, nikaiwasha, nikainama niizamishe kwenye beseni la maji la mama muuzaji.

"Afande, ukiiua umeinunua!"

"Mama, mimi nimelinda mji huu wewe hujazaliwa."

Chubwi!

Wacha iwake! Iliwaka mpaka chini ya maji, ikanionyesha vizuri kabisa simu yangu, imetoka mfuko wa shati, imelala kwenye beseni.

Naandika kwa simu ya mke wangu. Anasema, "Mzee, usiku nikikutafuta nitapigia tochi."

Piga tu. Itawaka!