Kumfundisha Mama Mkwe Kuingia Ziwani

Mke wangu ndiye aliyeniingiza katika jambo hili. Alikuwa na kichanga mikononi, yaani kisingizio kizuri, akaniambia, "Wewe umekulia mtoni huko Ngara. Mfundishe mama kuingia majini." Nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki.

Usiyejua mila zetu nikueleze: mkwe na mama mkwe hawazoeani. Nikimsikia mama huyu akikohoa nje ya duka langu la vipuri vya pikipiki pale Mbugangari, karibu na mpaka wa Kongo, nazima redio, nafunga kifungo cha shati na kusimama. Sijawahi kula mbele yake nikashiba. Kumsalimia ni kwa mikono miwili na macho chini. Leo niingie naye ziwani, gauni limemlowa mpaka magotini?

Lakini shida yake ilikuwa ya kweli, nami ilinihuzunisha. Kanisani kwetu mtu asiyezamishwa hakaribii Meza ya Bwana, na ubatizo wetu hufanyika ziwani. Mama alizaliwa milima ya Masisi, huko Kongo, ambako maji ni ya kuteka, si ya kuingia. Tangu familia irudi Rwanda na kuanza kulima vitunguu Nyakiriba, kila Jumapili ya Meza alikuwa akipokea trei ya vikombe, anampitishia jirani, kisha anatazama mikono yake. Alishajiandikisha ubatizo zaidi ya mara moja. Alifika ufukweni, akaona wimbi, akarudi kwake. Sasa ubatizo mwingine ulikuwa unakaribia, na alishasema huu ukimshinda hatajaribu tena.

Basi tukawa tunakutana Jumamosi mchana. Njia tuliyoipata ilikuwa kitenge. Yeye alishika pindo hili, mimi pindo lile, nikatangulia majini nikitazama upande wa Kongo kama niliyeajiriwa kulinda mpaka. Wauza karanga wa ufukweni walipata sinema ya bure.

"Mukwe, we usigeuke!"

"Sigeuki, mama."

"Kwako maji iko wapi?"

"Magotini."

"Kwangu iko kwa vidole. Inatosha leo."

Tukaenda hivyo, mpaka vifundoni, mpaka katikati ya miundi, nami nikaanza kuota kiburi cha mwalimu. Siku moja aliposita, ulimi ukaniponyoka: "Mama, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge!"

Ngara methali hiyo huambiwa hata askofu. Lakini kumtajia mama mkwe habari za kuvua nguo, tena amesimama majini, mbele ya wauza karanga! Kitenge kililegea mkononi mwangu. Nikageuka, kosa juu ya kosa, nikamwona yuko nchi kavu tayari anavaa viatu. Hakuniaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja, na ubatizo ulikuwa umefika mlangoni. Roho iliniuma sana. Nilijiona nimemnyang'anya mtu Meza yake kwa methali. Nikabeba kreti ya soda ya kuombea radhi (wengine hubeba pombe ya ndizi, sisi ni watu wa wokovu), nikapanda Nyakiriba na kusimama uani. Mama alikuwa anachambua vitunguu. Aliniacha nisimame mpaka jasho likanikauka.

"Mukwe," akasema mwishowe, "we unaniogopaka?"

"Sana, mama."

"Juu ya nini? Nitakupiga?"

"Hapana, mama. Hata fimbo huna."

"Bon, sawa. Sasa unaogopa nini?"

Nikaacha jibu la heshima, nikatoa la kweli. "Naogopa usije ukanigeuzia uso kama siku ile. Tangu hapo hata chakula hakinipiti."

Akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akaficha mdomo kwa kitenge. "Maji, mi naogopaka juu ya kuwa inaweza kuniua. Mungu, hapana vile. Yeye namuogopa vile we unaniogopa mimi. Mubaya ni kwamba ile woga ya maji ndo ilikuwa inashinda." Akanionyesha benchi. "Kaa. Jumamosi tutaenda. Lakini methali, uache kwa nyumba."

Siku ya ubatizo kitenge hakikuhitajika. Mchungaji na shemasi walikuwa wamejiandaa hata kumbeba. Akaingia mwenyewe mpaka kifuani, kwa mwendo ule ule wa kwenda kuteka maji, akazama, akaibuka, na kwaya ikapasuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa natazama upande wa Kongo, kwa mazoea, na machozi yananitoka. Wiki ile nzima niliwachosha wateja dukani kwa kujisifu kwamba mwanafunzi wangu hana woga tena.

Ikaja Jumapili ya Meza. Mama alikaa na mke wangu, mimi benchi la nyuma yao. Kikombe kile kidogo mimi huwa nakigugumia kama dawa ya kikohozi, huku nawaza tutakula nini mchana. Trei ilipofika kwa mama, hakumpitishia jirani. Alichukua kikombe kwa mikono miwili, macho chini, na mikono ile ikaanza kutetemeka, yeye ambaye siku ya ubatizo ziwa zima halikumtetemesha. Divai ikamwagikia gauni lake jeupe. Mke wangu akanyoosha mkono amsaidie kukishika.

"Wacha," mama akanong'ona. "Hii ndo ya kuogopa."

Trei ikarudi nyuma, ikanifikia. Nilifunga kifungo cha shati kwanza, kisha nikanyoosha mikono yote miwili.