Mchele wa Ifakara

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, hakukaa sana nyumbani kwetu Ilala. Alisema anaenda Ifakara kulima mpunga. Serikali ilikuwa imeruhusu kila mtu afanye biashara ya nafaka, na mjini kila mwenye akiba kidogo alikimbilia kukodi mashamba. Kodi ikapanda. Mama mmoja mjane alitukodisha shamba lake, na kiinua mgongo karibu chote kikaishia hapo. Mimi nikabaki na meza yangu ya mchele Kariakoo.

Msimu wa kwanza mto ulifurika, hakuvuna kitu. Yule mjane akamwambia abaki, kodi ya msimu wa pili watazungumza baada ya mavuno. Msimu wa pili mpunga ulikubali. Lakini wakati huo Kariakoo ilikuwa imejaa mchele wa kutoka nje, mweupe, wa bei ya chini. Mimi mwenyewe nilikuwa nauuza.

Asubuhi moja, nikiwa mezani pangu, nikamwona mume wangu anashuka kutoka juu ya lori lililobeba magunia yake. Alikuwa amekonda, nyayo zimepasuka.

"Mchele sasa hivi bei gani?" akaniuliza.

"Kunywa chai kwanza."

Akanitazama. Akachota mchele kwenye gunia langu, akaunusa.

"Huu hauna harufu."

"Ndio wanaoununua."

"Na wewe unauuza."

"Nauuza. Watoto wanakula kwa huu."

Nilingoja hasira. Yeye akaurudisha mchele guniani taratibu, asiangushe hata punje. "Umefanya vizuri, mama watoto. Hata mimi ningeuuza." Nikageukia ukutani, nikajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mchana, nyumbani, nikapika mchele wake kwa nazi. Harufu ikajaa uani hadi mama wa Kihindi wa nyumba ya jirani akaja kuuliza tunapika nini. Nikampakulia sahani. Jioni akarudi kununua, kesho yake akaja na dada yake. Hivyo ndivyo tulivyouuza, kidogo kidogo, kwa watu waliojali harufu. Faida haikuwepo, ila kodi ya mjane ilipatikana, na mume wangu akampelekea mwenyewe. Alikuwa amepanga kumrudishia na shamba.

Mjane hakukubali. "Wenzako wote wamekimbia, mwanangu," alimwambia. "Sasa hakuna hata anayeuliza bei ya kukodi. Lima nusu. Ukivuna, nipe gunia la kula."

Akalima hiyo nusu kwa miaka mingi. Iko misimu tuliyopata, iko tuliyokosa, na kila alipovuna, gunia la mjane lilitangulia kutoka. Yule mama alipofariki, watoto wake walituma habari kwetu kabla ya kuwaambia ndugu wengine. Mume wangu akaenda kumzika, akakaa nao hadi arobaini ilipopita.