Adelina, kesho sikuzibi

Siamini bado. Hili chapisho nimeliandika mara nne na kulifuta, kwa sababu kila nikifika kwenye neno "marehemu" vidole vinagoma.

Kwa msiomjua: Adelina, binti wa Mgeta kule juu milimani, alikuwa MC mwenzangu tangu mwaka wa kwanza chuoni hapa Morogoro. Mimi kulia kwa jukwaa, yeye kushoto. Jumamosi tulikuwa tumealikwa kurudi kuendesha Ball, sherehe ya mwaka ya chuo chetu. Jumapili asubuhi akafariki. Kiharusi.

Naona kila comment mnaandika "ghafla". Jamani, haikuwa ghafla.

Tulitoka Dar asubuhi. Mikese tukasimama kununua maji. Chupa ikamtoka mkononi, akaiokota, ikamtoka tena. "Mkono umelala tu," akasema, akijichua vidole vya kulia. Nikamwambia akiangusha maiki namna hiyo wanafunzi watatuzomea. Tukacheka, tukaondoka.

Chuoni hatukuanzia hata ukumbini. Tulikwenda moja kwa moja kwenye kimbweta chetu, ile meza ya zege nyuma ya maktaba tulipokuwa tunasomea. Rehema, mwanafunzi wa kamati ya sherehe aliyetualika, akatuletea chipsi mayai, stori zikaanza.

Ade alitaka kujua kila kitu. Bado mnabebana, watu wawili kitanda kimoja? Bado kuna yule mmoja anayesoma kwa sauti mpaka wenzake wanahama chumba? Rehema akasema siku hizi madesa, zile notisi za darasani, yote yako kwenye simu, hakuna anayepanga foleni ya kutoa kopi. Ade akasikitika kwelikweli! "Sasa mnapatana wapi, mdogo wangu? Sisi wachumba wote tuliwapata kwenye foleni ya kopi."

Alicheka mpaka machozi. Halafu akamuuliza Rehema jina lake. Ilikuwa mara ya tatu.

"Msamehe, uzee umeingia," nikasema mimi. Aisee. Nilisema hivyo.

Mlima ulikuwa umefunga. Enzi zetu Ade ndiye aliyekuwa anautazama Uluguru na kutuambia mvua itafika saa ngapi, na hakukosea. Siku hiyo wingu lilishuka jeusi mpaka juu ya paa za hosteli, na upepo hakuna. Aliutazama muda mrefu, hakutuambia kitu.

Sasa niwaeleze sheria yetu. Hakuna kitu MC anachokiogopa kama ukimya. Mwenzako akisahau unahesabu moja, mbili, unaziba. Utani, swali, chochote. Ade ndiye aliyenifundisha, siku nilipoganda mbele ya ukumbi mzima na yeye akaniokoa. Tangu hapo hakuna aliyewahi kutuona tumeganda.

Saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa umejaa, magauni marefu na suti za kuazima. Ilikuwa zamu yake kumkaribisha mlezi wa wanafunzi. Akashika maiki. Akatazama kadi. Kimya.

Nikaziba. "Jamani, MC wangu kaona suti ya mtu pale mbele, lugha imeondoka!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Na yeye akacheka, lakini alicheka upande mmoja wa mdomo.

Niliona. Naandika hapa ili isibaki siri yangu: niliona.

Nyuma ya pazia akanishika koti kwa mkono wa kushoto. "Shabani. Nikinyamaza tena usinizibe. Ningoje. Kuna kitu nataka kusema, hakitoki."

Nikamjibu ni uchovu wa safari. Kunywa maji, Ade, zimebaki dakika ishirini tu.

Simu ikatikisika mfukoni. Ni Rehema: "Kaka, dada Ade yuko sawa?" Nikamrudishia dole gumba.

Zamu yake ikafika tena. Akafungua mdomo. Moja, mbili. Hakuutazama ukumbi, alinigeukia mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaziba. Ulikuwa utani mzuri kuliko wote niliowahi kuutoa. Watu walikuwa bado wanapiga makofi alipoanguka.

Asubuhi hospitalini daktari aliniuliza, "Maneno yalianza kumpotea saa ngapi?" Mimi ambaye kusema ndiyo kazi yangu, nikaanza kuhesabu kurudi nyuma: jukwaani, kimbwetani, Mikese.

Rafiki zangu, mtu akipotewa na maneno, mdomo ukienda upande, mkono ukimlegea, msimtanie. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ball litasubiri.

Jana nilipanda Mgeta kumpa pole mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Shabani mwanangu. Wewe ndiye uliyezoea kusema naye. Jumatano kwenye mazishi utashika maiki, utuelezee mwenzio."

Sikuweza kukubali. Nikamwambia yote: chupa, koti, mpaka lile dole gumba. Akanyamaza. Akanyamaza sana, mikono yake juu ya kanga, na nje ukungu ulikuwa umeshafika mlangoni. Mdomo wangu uliwasha kutafuta neno. Sikusema kitu.

Mwisho akasema, "Utashika hivyo hivyo."

Kwa hiyo ni kesho, saa saba mchana, nyumbani kwao. Ade, nitasimama kulia. Kushoto hatakaa mtu. Nikimaliza kusoma wasifu wako nitageuka upande wako, na nitanyamaza. Sitahesabu. Watu watakohoa, watatazamana, watadhani nimesahau. Waache wadhani.

Uliniomba nikungoje, na nimechelewa sana. Lakini kesho nakungoja.

Zamu yako, MC wangu. Sema taratibu.

Lala salama.