Mama Alihesabu Kuanzia Kinu cha Posho

Nilitoka asubuhi bila mpango, jinsi nilivyotoka kila mahali maishani. Tofauti ni kwamba mara hii nilifunga mlango, nikarudi kuujaribu mara mbili, na kwapani nilikuwa na bahasha ya kaki yenye hati ya ploti. Sikuthubutu kuiacha ndani ya nyumba.

Nyumba ni ya mama. Vyumba viwili vya mawe chini ya mabati ya kijani, huko Gitothua. Nilikuja kumzika miaka mitatu iliyopita, nikakusudia kukaa wiki moja, nikabaki. Kabla ya hapo sikuwahi kumiliki kitu kisichoingia kwenye mkoba. Niliacha shule darasa la sita, nikachuma kahawa, nikapakia mananasi, nikauza sindano na viwembe katika masoko ambayo siyakumbuki yote. Shule niliiacha lakini kusoma sikuacha. Nilisoma gazeti lililofungiwa nyama, matangazo ya mazishi, hata masharti yaliyo nyuma ya tiketi.

Kilichonisumbua ni kitu ambacho hakikuja. Tangu mwaka uanze, majirani walikuwa wakilalamikia notisi za kodi ya ardhi. Makarani wa kaunti walipita wakiziacha kila ploti. Jirani wa nyuma alipata, wa mbele akapata. Tuliorukwa ni wawili tu, mimi na mwenye kinu cha posho pale kona.

"Kaunti imetusahau, bwana," mwenye kinu aliniambia, unga umemjaa kwenye nyusi. "Tunyamaze hivyo hivyo."

Akacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikaitoa hati, nikaisoma neno kwa neno mpaka sahihi ya msajili. Ploti namba 414. Jina la mama. Sikuona kosa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nimekaa na watu wengi waliopoteza ardhi, na karibu wote hati zao zilionekana sawa.

Basi asubuhi hiyo miguu ilinipeleka mjini Ruiru, na ilipofika ofisi ya kaunti ikaingia kwenye foleni. Mama mmoja mbele yangu aligeuka.

"Wewe wamekuandikia ngapi?"

"Mimi sijaletewa notisi. Nimekuja kuuliza kwa nini."

"Haiya!" Akawaita wenzake. "Hebu sikieni huyu. Hajaletewa, na amekuja kujipeleka!"

"Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe," mzee mmoja alisema nyuma, na foleni nzima ikacheka. Nilicheka nao. Jasho lilikuwa limeloanisha bahasha.

Karani alikuwa kijana mwenye vidude vya kusikilizia muziki shingoni. Aliandika namba yangu kwenye kompyuta.

"Iko, mzee. Jina la mama yako hili hapa. Alikuwa analipa kila mwaka, halafu akaacha."

"Alifariki."

"Pole sana. Sasa, notisi tulileta. Mara mbili."

"Sijaona hata moja."

Akasogeza uso karibu na kioo. "Imeandikwa hapa: hakuna mtu, hakuna jengo, imebandikwa kwa mti."

"Kwangu hakuna mti," nilisema. "Na jengo liko. Ndimo ninamolala."

Tulitazamana. Nikajisikia nikisema, kwa sauti iliyokuwa ikishuka, kwamba mti uko kwenye ploti ya jirani, ile tupu yenye majani ya napia. Ni mkima mkubwa ulio karibu na barabara. Mwenyewe hajulikani. Mimi huyakata yale majani na kuwauzia wenye ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kijana aliinuka. Aliingia chumba cha nyuma akarudi na ramani ya karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akaitandaza juu ya kaunta na kuishikilia kwa viwiko.

"Barabara ni hii. Hapa kona kuna nini?"

"Kinu cha posho."

"Hapo si ploti, mzee. Hiyo ni sehemu ya barabara, haina namba. Namba zinaanzia hapa." Akaweka ncha ya kalamu. "Hii ni 413. Hii inafuata ni 414."

Nilihesabu kwa kidole. Ardhini: kinu, nyumba yetu, napia. Kwenye ramani: barabara, 413, 414. Nilihesabu tena kutoka upande wa pili, kana kwamba nikitokea huko ingekuwa tofauti.

Siku ya kuonyeshwa ploti, mama hakujua kusoma na sorovea, yule mpima ardhi, alikuwa na haraka. Alimwambia, "Yako ni ya pili kutoka kona." Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, mama akiisimulia kwa furaha. Kinu kilikuwepo tayari, kikinguruma. Mama akakihesabu cha kwanza, kisha akapiga hatua, akasimama mahali pa pili, akasema hapa ndipo kwangu. Miaka yote hiyo aliilipia kodi ile napia. Nyumba aliijenga kwenye ardhi ya mtu mwingine.

"Na huyu wa 413," nikauliza, "yeye analipa?"

"Yule shosho wa Thika? Kila Januari, kabla notisi hazijatoka. Ananitusi kwanza, halafu analipa."

"Anajua kuna nyumba?"

Kijana alianza kuikunja ramani. "Muulize mwenyewe. Ana vyumba vya kukodisha kule Makongeni, geti la bluu. Lakini mimi sijakuambia kitu, mzee."

Nilisimama nje ya ofisi kwa muda mrefu. Nimewahi kuondoka miji mingi bila kuaga, na ingekuwa rahisi kuondoka na huu pia: koti ninalo, na hakuna anayenidai neno. Lakini nilikumbuka nilivyosimuliwa jinsi mama alivyobeba mawe ya msingi kwa mgongo, mawe matatu kila safari, nami nikiwa mbali nachuma kahawa ya watu. Nikapanda gari la Thika. Sikumbuki njia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo: nitasema natafuta chumba, nimpime kwanza ni mtu wa aina gani.

Nilimkuta bibi kizee huyo amekaa kwenye benchi ndani ya geti la bluu, na rundo la funguo mapajani, akizijaribu moja moja kwenye kufuli.

"Unatafuta chumba?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Hapana, shosho. Nimetoka Gitothua. Ile nyumba karibu na kinu cha posho."

Mikono ikasimama. "Ile ya mabati ya kijani."

"Ndiyo."

"Wewe ni nani wa yule mama?"

"Mimi ni kijana wake."

"Yule wa kutangatanga?" Alinitazama kuanzia viatu. "Alinieleza habari zako. Nilienda pale na hati yangu, nimejaa hasira, nikakuta mtu amejenga mpaka amepanda maua. Akafikiri nimetumwa na kanisa kumtembelea. Akanipatia chai na nduma. Akaniambia vile watu wa bwanake walimfukuza. Akapiga ukuta hivi na mkono, akasema, 'Hapa sasa hakuna mtu wa kunitoa.' Na hati yangu iko kwa mkoba. Wewe ungesema nini?"

"Hakujua, shosho."

"Najua hakujua! Kama angekuwa mwizi si ningempeleka kortini?" Akachukua ufunguo mwingine, ukakataa kuzunguka. "Nikakunywa chai nikarudi. Nikasema, huyu ni mtu mzima. Wacha amalize siku zake, halafu nitachukua ploti yangu." Akanyanyua macho. "Na yuko aje siku hizi?"

Neno moja tu lingenipa miaka. Yuko salama, shosho, anakusalimu. Angeamini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia vingine. Niliishika nguzo ya geti.

"Alifariki. Sasa ni miaka mitatu."

Funguo zilimteleza mapajani, zikaanguka kwenye saruji. Hakuziokota.

"Ngai," alisema polepole. Kisha, kwa hasira kabisa: "Na hakuna mtu aliniita mazishi!"

"Hatukukujua, shosho."

"Hata kama."

Nilichutama nikaziokota funguo ili nisimtazame. Nikiwa chini pale nikamwaga yote: kwamba ile ploti ya napia ndiyo yetu kwa hati, ukubwa ni ule ule, tunaweza kubadilishana, gharama ya sorovea na ya ofisi ya ardhi nitaibeba mimi hata nikivunja mawe.

"Ile yenye mkima?"

"Ndiyo."

"Mvua ikinyesha inakaa maji?"

Nilijua angeenda kuona. Hata hivyo nilisita. "Upande wa nyuma. Kidogo."

"Kidogo." Alilirudia lile neno kana kwamba analionja. "Wewe ni kama mama yako, hujui kuuza kitu. Leta hiyo bahasha."

Nikampa. Aliitoa hati, akaishika mbali na macho, kisha karibu.

"Hii nitakaa nayo. Kesho asubuhi twende kwanza kwa hiyo napia, niikanyage na miguu yangu. Nikiridhika, tutaenda ofisi ya ardhi. Nisiporidhika, utatafutia nyumba yako magurudumu. Sijasema ndiyo, umesikia?"

"Nimesikia, shosho."

"Na leo huendi mahali. Mama yako alisema wewe ukitoka hurudi. Chumba namba saba kiko wazi. Mia tano, na unalipa sasa, si kesho."

Nililipa. Alinitolea ufunguo wa namba saba kutoka lile rundo, na ulifungua mara ya kwanza. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, na dirisha linalotazama uani. Sikukaa. Nilisimama mlangoni jua likiwa bado juu ya kuta za jirani, nikamtazama akiipitishia kidole ile hati mstari kwa mstari, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alianza upya. Kisha akaikunja, akaitia kifuani, akaingia kwake akafunga mlango.