Bunduki ya Mkono

Mwezi uliopita mama alinikabidhi bunduki ya marehemu baba, ikiwa imeviringishwa katika shuka la maua. Kabla sijailaza mezani, mkono wangu ulikwisha kuushika wenzo, kile chuma kilichopinda chini ya kifyatulio, ukausukuma mbele na kuurudisha. Chaka, chak. Kwa mlio huo tu nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimesimama dukani, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Miaka hiyo ya themanini tulikaa Riverdale, Maryland, hapa Marekani, katika fleti ya ghorofa ya pili iliyonukia hiliki kila Jumamosi, mama akikaanga maandazi na mimi nikikata donge pembe tatu tatu. Baba alikuwa fundi wa silaha wa askari wa wanyamapori huko kwetu Tanzania. Hapa alipakia masanduku katika ghala moja la Hyattsville. Nilisemeshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza. Ndani ya basi, baba akianza kuzungumza kwa sauti yake ya wazi, nilihamia viti viwili nyuma. Nakuambia haya mapema, msomaji wangu, ili usije ukanihurumia.

Jirani yetu wa chini, Mmarekani mzee aliyestaafu ufundi wa magari, alimwalika baba wakawinde kulungu katika milima ya magharibi ya Maryland. Sijawahi kumwona baba akifurahi vile. Tungekula nyama ya porini iliyosomewa bismillahi, ndiyo. Lakini zaidi ya hayo, tangu tuje Marekani hakuna aliyekuwa amemhitaji kwa jambo alilolijua.

Wiki nzima aliiwaza mezani bunduki atakayoinunua, kijiko kikiwa mfano wake. Baba alikuwa mtu wa shoto, na bunduki za komeo, zinazopakiwa kwa kuvuta kishikio cha ubavuni, zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kulia. Ya wenzo humtumikia kila mtu sawasawa. Iwe fupi, isinase vichakani. Iwe ya zamani, na isiwe imepitiwa na msasa wala rangi mpya. “Nataka moja ifanye kazi mbili,” alisema. “Nikiwa hai niwindie, nikifa muitunze.”

Akanichukua niwe mkalimani. Duka lilinuka mafuta ya mashine na kahawa iliyoungua. Wateja watatu walikuwa wameegemea kaunta.

“Mwambie nataka bunduki ya mkono,” alisema baba. Ndivyo yeye na askari wenzake walivyoiita ile ya wenzo, kwa kuwa hupakiwa kwa kusukuma mkono.

Nilitafsiri neno kwa neno, na kwa Kiingereza maneno hayo yakawa bastola. Muuzaji akapanga bastola tatu kwenye kioo. Baba akazitazama, akanitazama.

“Bastola? Mwanangu, mimi nakwenda kuwinda, siendi kuvamia benki!”

Kisha, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeishiwa maneno, akaeleza kwa vitendo. Alikumbatia bunduki isiyokuwepo, akausukuma mkono wake wa kushoto mbele na nyuma, chaka, chak, kwa mdomo wake mwenyewe. Wateja wakatazamana. Muuzaji akaniinamia, akasema kwa Kiingereza, taratibu, “Mwambie baba yako mikuki imekwisha. Tumebaki na bunduki tu.”

Wakacheka. Nami nikacheka. Sikucheka kwa woga, kama nilivyojidanganya baadaye. Nilicheka ili wanihesabu upande wao.

Baba naye akatabasamu, kama mtu anayesubiri kushirikishwa kwenye utani. “Amesemaje?”

“Amesema,” nikajibu, kwa Kiswahili changu kibovu, “unajua bunduki kuliko watu wote waliowahi kuingia humu.”

Baba akaweka kiganja kifuani, akamwinamia muuzaji. “Thenkyu, sa,” akasema. “Thenkyu veri machi.” Wakazidi kucheka.

Hatimaye nilinyoosha kidole ukutani, zikateremshwa mbili za wenzo. Moja iling'aa kama kiatu cha harusi. Ya pili ilikuwa imepauka, chuma chake kimegeuka kahawia. Baba aliifungua ile ya pili, akaweka ukucha wa dole gumba penye chemba, pale risasi inapokaa, ili uakisi mwanga wa taa, akachungulia ndani ya mtutu kutokea mdomoni. Akapapasa vichwa vya skrubu, kimoja kimoja, kuona kama kuna kilichochubuliwa na fundi mzembe. Akapitisha kucha pale mbao ya kitako inapokutana na chuma. Ile inayong'aa aliirudisha baada ya kuigusa mara moja tu. “Hii imepigwa msasa,” alisema. Wateja wakasogea kutazama. Muuzaji alikuwa ameacha kahawa yake ikapoa.

Kwa hiyo nilichotafsiri kilikuwa kweli, ila hakikusemwa.

Tangu siku hiyo, kila Idi, wageni wakishakula pilau, baba aliileta bunduki na kuniita. “Njoo, mwanangu, waambie yule Mmarekani alisemaje.” Nami nikasema. Nilisema nikiwa shule, nikasema nikiwa chuo, nikasema nikiwa tayari nawafundisha wakalimani wenzangu kwamba maneno ya watu ni amana. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima, naye akaangalia sakafu kwa haya, kama mtu anayesifiwa kwa mara ya kwanza.

Jirani amekufa. Pale dukani sasa wanauza simu. Mwaka wa mwisho wa baba, sauti ikiwa imekwisha, alinionyesha kwa mkono wa kushoto, mbele na nyuma, nikaelewa anataka kusikia tena. Nikamwinamia sikioni: “Alisema unajua bunduki kuliko watu wote.”

Nilisema “alisema.” Hata pale, chumbani hamna mtu mwingine, nilimpa yule muuzaji aliyemdhihaki maneno ambayo ilinipasa niyaseme kama yangu.