Mama Deki na Matundu ya Juu

Mama Deki aliposukuma mlango wa wodi ya wazazi, joto lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Ndoo ikamponyoka. Saa nne asubuhi, na kina mama waliojifungua jana walikuwa wamelala sakafuni, wakiwapepea watoto kwa kadi za kliniki.

"Kuna nini hapa? Nimeondoka wiki tatu tu!"

Alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Wodi hiyo aliifagia miaka kumi na tisa. Kila alfajiri alifungua madirisha yote ili baridi iingie kwenye zile kuta nene. Jua likianza kuuma, alifunga ya upande wa jua, akaacha ya kivulini na matundu ya juu, chini ya paa, hewa ya moto ipate pa kutokea. Alifundishwa hayo na mfagizi aliyemtangulia, siku ileile aliyoonyeshwa ufagio unakaa wapi.

Sista mkuu alikuja, kola imelowa jasho. "Afadhali umerudi, mama. Jengo hili limeharibika ghafla. Tumemwita mhandisi."

Mama Deki akainua macho. Matundu yote kumi na mawili yalikuwa yamezibwa kwa mbao.

"Nani kaziba?"

"Seremala. Njiwa walikuwa wanatuchafulia."

"Na madirisha ya juani, mbona wazi saa hizi?"

"Si tunatafuta upepo?"

"Mnaukaribisha moto ndani, Sista! Kwani hamkujua?"

"Kujua nini?"

Mama Deki alipigwa na butwaa. Miaka yote hiyo alidhani kila mtu anajua. Alidhani imeandikwa mahali. Kumbe madaktari, masista na wagonjwa walikuwa wakilala kwenye ubaridi wa mikono yake, na hakuna aliyewahi kuuliza unatoka wapi.

Seremala aliletwa mbio, akang'oa mbao na kuweka wavu wa kuzuia njiwa. Hata hivyo kuta zilikuwa zimeshiba joto. Zilipoa asubuhi ya tatu, na kina mama wakarudi vitandani.

Siku hiyo Sista alikaa naye kwenye benchi la ukumbini, daftari mapajani, akiandika dirisha kwa dirisha. Katikati ya kazi Mama Deki alikatiza maelezo.

"Sista, je, kama ningefia kule kwa dada?"

Sista hakuinua kichwa. "Usife kwanza. Hata upande wa mashariki hatujamaliza."