Fungu la Mwani Nililoliosha

Jamani, nichekeni tu. Sisi akina mama kumi wa Lushoto tulivuka mpaka wa Lungalunga kwenda Kibuyuni, kujifunza kwa kikundi cha wanawake wanaolima mwani baharini.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Asubuhi ya siku ya tatu niliona juu ya chanja fungu la mwani mkavu, limejaa chumvi nyeupe. Kwetu karoti haiendi sokoni na udongo, basi nikaliosha kwa ndoo tatu za maji ya kisima, huku nikijisifu moyoni.

Somo likaanza. Bi Mwanasha, mwenyekiti wao, akasema, "Kwanza kabisa, mwani wa kuuza hauguswi na maji ya kisima. Ukiguswa, umeharibika."

Kanga yangu ilikuwa bado yachuruzika maji.

"Nani aliyeosha fungu hili?" akauliza, akiligusa.

Nikanyoosha mkono. "Ni mimi, mama. Niwie radhi."

Akanitazama, kisha akaangua kicheko. "Alhamdulillahi! Hilo ni la kutengenezea sabuni, lazima lioshwe. Tangu juzi sote twaikwepa kazi hiyo."

Nikashusha pumzi. Naye akanikabidhi ndoo.

"Yamebaki mafungu manne."